Uzi: Mtu akisema "mvua ikinyesha siji", isiponyesha ana deni la kuja?

#1 Kibo_Asubuhi
Habari wakuu. Kuna ubishi umetushika hapa kijiweni Majengo, Moshi, nauleta kwenu. Jirani yangu anajenga. Ijumaa alimpigia dereva wa tipa la mchanga, simu ikiwa kwenye spika, wote tukasikia jibu: "Mzee, mvua ikinyesha kesho siji, barabara ya kwenu itanikwamisha." Jumamosi jua limewaka, Kibo iko wazi mpaka saa nne, dereva hakuonekana. Mafundi wamekaa juu ya matofali na wanadai posho yao.

Jirani anasema kadanganywa. Mimi nasema hajadanganywa. Yule dereva hakutamka popote kwamba isiponyesha atakuja. Alisema neno moja, na neno hilo halijavunjika. Nusu ya kijiwe wako na mimi, nusu wananiita wakili wa waongo. Naomba hoja, hasira tumeshazimaliza huku.

#2 Mama_Kilombero
Alikula advansi? Kama alikula, mengine baadaye.

#3 Kibo_Asubuhi
Hakupewa hata shilingi, mama.

#4 Tipa_la_Moramu
Mimi ndiyo kazi yangu, napiga tripu za moramu na mchanga Arusha. Sisi tukimwambia mteja "mvua ikinyesha siji", tunajua na yeye anajua kwamba isiponyesha gari linakuja. Dereva asiyetaka kujifunga anasema "nitaangalia kesho". Huyo jamaa alijifunga, na Jumamosi akavunja.

#5 Mwl_wa_Advance
Nafundisha hesabu kidato cha tano, na mada ya mantiki huwatoa jasho vijana wa PCM na EGM (michepuo yenye hesabu), kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kauli ni sentensi inayoweza kuwa kweli au uongo. "Mvua inanyesha" ni kauli. "Lete mchanga!" si kauli, maana huwezi kuiambia amri kwamba ni ya uongo. Ukizifunga kauli mbili kwa "ikiwa… basi…" unapata kauli mpya ya sharti. Ya kwanza tunaiita kitangulizi, ya pili kifuatisho. Dereva katoa sharti: ikiwa mvua inanyesha, basi siji. Sasa Jumamosi ingeweza kuwa na sura nne tu.

Mvua imenyesha, hakuja: sharti limesimama.
Mvua imenyesha, kaja: sharti limevunjika.
Haikunyesha, kaja: limesimama.
Haikunyesha, hakuja: limesimama.

Sura moja tu kati ya nne ndiyo inamfanya mwongo, na si ile mliyoiona Majengo. Kibo_Asubuhi yuko sawa.

Kwenye sharti la namna hii kuna njia mbili halali za kutoa hitimisho. Ya kwanza: mvua imenyesha, kwa hiyo hakuja. Ya pili: kaja, kwa hiyo mvua haikunyesha. Vitabu vinaziita kwa Kilatini modus ponens na modus tollens. Na kuna njia mbili zinazofanana nazo sana lakini ni batili. "Hakuja, kwa hiyo mvua imenyesha" ni batili, huenda gari liliharibika. "Haikunyesha, kwa hiyo atakuja" nayo ni batili, na humo ndimo jirani alimoingia.

#6 Boda_UsaRiver
Mwalimu, nisaidie. Baba akimwambia mtoto "ukifaulu nakununulia simu", mtoto akafeli, baba akanunua simu hivyohivyo. Hajavunja neno lake?

#7 Mwl_wa_Advance
Hajavunja. Hakuahidi chochote kuhusu kufeli.

#8 Mama_Kilombero
Mtoto huyo mwakani atasoma kweli?

#9 Wakili_wa_Njiro
Mwalimu #5 kaeleza jedwali la sura nne vizuri, ila swali la uzi ni pana kuliko jedwali. Kuna kile mtu alichotamka na kuna kile msikilizaji ana haki ya kukielewa. Mwanafalsafa Paul Grice wa Uingereza alilishughulikia hili kwenye mihadhara yake ya mwaka 1967: tunapozungumza tunachukulia kwamba mwenzetu anatoa habari ya kutosha na inayohusika. Kama dereva alijua hatakuja kwa vyovyote, kwa nini alitaja mvua? Kule kutaja mvua ndiko kulikompa jirani haki ya kutegemea.

Mwaka 1971 wanaisimu Michael Geis na Arnold Zwicky walilionesha hilo kwa mfano wa nyasi: "Ukinifyekea nyasi nitakupa dola tano." Msikilizaji yeyote anaelewa kwamba asipofyeka hapati. Hilo halimo ndani ya sharti lenyewe, ila sharti linalialika. Kwa hiyo kimantiki dereva ni msafi, kimazungumzo ana kesi ya kujibu.

#10 Tipa_la_Moramu
Wakili kasema nilichosema #4, mimi bila kutaja mtu wa Uingereza.

#11 Kibo_Asubuhi
@Wakili_wa_Njiro, hapo sikubali. Mwaliko unaweza kukataliwa. Dereva angeongeza "na isiponyesha pia sina uhakika", sentensi zake mbili zingekaa pamoja bila kugombana. Kitu unachoweza kukifuta kwa sentensi ya pili bila kupingana na ya kwanza hakikuwa sehemu ya ya kwanza.

#12 Wakili_wa_Njiro
Kweli kinafutika, na Grice mwenyewe aliitaja hiyo kuwa alama ya maana za aina hiyo. Lakini dereva hakukifuta. Alikaa kimya akamwacha mzee aite mafundi.

#13 Kijana_EGM
Shikamooni. Mwalimu, sisi shuleni tuliambiwa tukariri hizo safu mbili za mwisho. Kitangulizi kikiwa uongo, sharti lote ni kweli. Kwa nini? Mvua haikunyesha, basi maneno ya dereva hayakupimwa. Kwa nini tusiseme "haijulikani" badala ya "kweli"?

#14 Mwl_wa_Advance
Marahaba. Swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Chukua sharti ambalo hakuna anayelibishia: "Namba ikigawanyika kwa 4, inagawanyika kwa 2." Unakubali ni kweli kwa kila namba nzima? Sasa weka 8: kweli na kweli. Weka 6: haigawanyiki kwa 4, inagawanyika kwa 2, yaani uongo na kweli. Weka 5: uongo na uongo. Kama 6 na 5 zingelifanya sharti kuwa uongo, kanuni hiyo isingekuwa kweli kwa kila namba, na wewe umeshakubali kwamba ni kweli. Sura pekee isiyopatikana popote ni namba inayogawanyika kwa 4 lakini si kwa 2. Ndiyo maana ni safu moja tu inayoandikwa uongo.

#15 Kijana_EGM
Hapo kwenye namba nimeona. Kwenye mvua bado. Namba ziko nyingi, Jumamosi ilikuwa moja.

#16 Mzee_wa_Hoja
Kijana usihangaike, jedwali hilo kalitunga Aristotle zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, limesimama hadi leo.

#17 Falsafa_Usiku
Hapana mzee. Aristotle alifanyia kazi hoja za "wote", "baadhi" na "hakuna": watu wote watafariki, Socrates ni mtu, aina hiyo. Mantiki ya kauli nzima zinazofungwa kwa "ikiwa", "au" na "na" ilikuzwa na Wastoa, kundi la wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hasa Chrysippus, karne ya tatu kabla ya Kristo. Alikuwa na hoja tano za msingi ambazo alisema hazihitaji kuthibitishwa, na mbili za kwanza ni zilezile za Mwalimu #5. Majedwali kama tunavyoyachora leo yalienea kuanzia mwaka 1921, yalipochapishwa na Ludwig Wittgenstein, na mwaka huohuo na Emil Post, kila mtu kwa njia yake.

Na wasiwasi wa Kijana_EGM ni wa kale kuliko jedwali. Philo wa Megara, naye Mgiriki wa kale, alisema sharti ni kweli isipokuwa pale kitangulizi ni kweli na kifuatisho ni uongo, kama Mwalimu anavyofundisha. Mwalimu wake, Diodorus Cronus, alikataa: kwake sharti ni kweli pale tu ambapo haikuwezekana jana na haiwezekani leo kitangulizi kiwe kweli na kifuatisho uongo. Chrysippus naye alitaka pawe na mgongano kati ya kitangulizi na kanusho la kifuatisho. Ugomvi huo ulivuma hadi mshairi Callimachus akaandika kwamba hata kunguru juu ya mapaa wanalia wakiuliza ni masharti yapi yaliyo ya kweli.

Kwa Philo, dereva hana kosa. Kwa Diodorus, huenda hata sentensi yenyewe ilikuwa uongo tangu Ijumaa, kwa sababu iliwezekana kabisa mvua inyeshe na gari lije.

#18 Mama_Kilombero
Kunguru wa soko la Kilombero wanalilia nyanya tu, hilo la masharti sijawahi kulisikia.

#19 Falsafa_Usiku
😀 @Kijana_EGM, na hilo la "haijulikani" lina mwenyewe. Mwanamantiki Jan Łukasiewicz wa Poland mwaka 1920 alitunga mantiki ya thamani tatu: kweli, uongo, na ya katikati. Alikuwa anafikiria hasa kauli za mambo ya kesho. Kwa hiyo hukuuliza swali la kitoto.

#20 Broka_wa_Mawe
Nimesoma kimya muda mrefu, ila #5 imegusa kazi yangu.

Mimi nauza na kununua tanzanite hapa Arusha. Kijana mgeni kwenye biashara anafundishwa hivi: tanzanite ya kweli ukiitazama kwa kifaa kidogo tunachokiita dikroskopu, inaonesha rangi zaidi ya moja. Unaliweka jiwe mbele ya mwanga, unachungulia kwenye kimrija, mbele yako vinatokea vidirisha viwili vimekaa sambamba. Kimoja bluu, kingine zambarau. Unaligeuza jiwe taratibu kwa kucha, rangi zinabadilishana. Kama halijachomwa unaweza kupata na ya tatu, ya kahawia au nyekundu iliyoiva. Ukiona hivyo mara ya kwanza moyo unaruka.

Sasa kijana anaona bluu na zambarau, anasema "tayari, tanzanite", anatoa hela. Hapo ndipo wanapolizwa. Kanuni inasema: ikiwa ni tanzanite, basi itaonesha rangi zaidi ya moja. Haisemi kinyume chake. Kuna jiwe linaitwa ayolaiti, nalo ni la bluu ya zambarau, nalo linaonesha rangi tofauti ukiligeuza, tena kwa nguvu, na bei yake haikaribii ya tanzanite. Kioo na jiwe la spineli, hivyo haviwezi: vidirisha vyote viwili vinabaki rangi moja hata ugeuze vipi.

Kwa hiyo kifaa hicho kinafaa kukataa, hakifai kukubali. Rangi moja pande zote, rudisha jiwe kwa mwenyewe. Rangi mbili, nenda kipimo kingine, kile cha kupinda kwa mwanga: tanzanite inasoma kama 1.69 hadi 1.70, ayolaiti inakaa 1.54 na kidogo. Wazee walionifundisha hawakutaja Kilatini, lakini walikuwa wanasema "kifaa hiki kinafukuza, hakikaribishi". Ni ile njia ya pili halali ya Mwalimu, na lile kosa la kwanza.

#21 Mwl_wa_Advance
Asante sana Broka. Nitautumia darasani Jumatatu.

#22 Boda_UsaRiver
Na ile ya "ikiwa ni tanzanite imetoka Mirerani"? Hiyo si inageuka? Mirerani ni yetu Arusha, kila jiwe la pale ni tanzanite.

#23 Broka_wa_Mawe
Haigeuki. Pale wanatoa pia garneti ya kijani na grafaiti. Ukinunua kila kinachotoka Mirerani kwa jina la tanzanite utafunga duka.

#24 Mzee_wa_Hoja
Na Mirerani iko Simanjiro, mkoa wa Manyara, tangu mkoa ulipogawanywa mwaka 2002. Mawe ndiyo yanakuja kuuzwa Arusha.

#25 Nesi_wa_Zamu
Kwetu zahanati kosa hilo lina madhara zaidi ya hela. Malaria huleta homa. Mgonjwa ana homa. Kwa hiyo ana malaria, mpe dawa ya mseto aende nyumbani. Miaka mingi ndivyo ilivyofanyika sehemu nyingi, na homa ilikuwa ya mapafu au ya mkojo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila anayeshukiwa apimwe kwanza kabla ya dawa. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mbu wa malaria huku si wengi kama pwani, kwa hiyo homa peke yake inakuambia kidogo zaidi.

Lakini nina swali kwa Broka na Mwalimu. Mnasema njia ya pili ni halali: ikiwa ana malaria, kipimo kitaonesha, kipimo hakikuonesha, kwa hiyo hana. Mimi nimeona kipimo cha haraka kikisoma hapana, na hadubini kesho yake ikaona vimelea. Njia ilikuwa halali, na jibu lilikuwa baya.

#26 Mwl_wa_Advance
Hapo umeshika shina la mada. Uhalali wa hoja ni jambo la umbo lake. Hoja ni halali ikiwa haiwezekani misingi yake yote iwe kweli na hitimisho liwe uongo. Haisemi kwamba misingi ni kweli. Kwa mgonjwa wako, msingi wa kwanza ndio uliokuwa dhaifu: si kila mara mwenye malaria kipimo kitamwona, hasa vimelea vikiwa vichache. Hoja ilibaki halali, ila ilisimama juu ya msingi usio kweli.

Mfano mkali zaidi. Ikiwa mlima Kilimanjaro uko Kenya, basi Kibo iko Kenya. Mlima Kilimanjaro uko Kenya. Kwa hiyo Kibo iko Kenya. Hoja hii ni halali kabisa.

#27 Boda_UsaRiver
Mwalimu, futa!

#28 Tipa_la_Moramu
Halali?! Mwalimu wewe ni wa Moshi kweli?

#29 Mwl_wa_Advance
Tulieni wakuu, msingi wa pili ni uongo na kila mtoto wa Marangu anajua. Nimesema umbo ni halali.

Sasa geuza. Ikiwa Moshi ni makao makuu ya mkoa wa Arusha, basi Moshi iko Tanzania. Moshi iko Tanzania. Kwa hiyo Moshi ni makao makuu ya mkoa wa Arusha. Misingi yote miwili ni kweli, hata wa kwanza. Hitimisho ni uongo. Mfano mmoja wa namna hii unatosha kuangusha umbo zima, na ni umbo lilelile la kijana wa tanzanite: kuthibitisha kifuatisho na kurudi nyuma kwenye kitangulizi.

#30 Nesi_wa_Zamu
Nimeelewa tofauti. Ila basi mantiki hainisaidii kitandani kwa mgonjwa. Kazini sina misingi yenye uhakika hata siku moja, nina uwezekano tu. Homa haithibitishi malaria, lakini inaongeza uwezekano, na mimi lazima niamue usiku huohuo.

#31 Falsafa_Usiku
@Nesi_wa_Zamu, wapo wanaokubaliana na wewe, wanasema kufikiri kwa binadamu ni kupima uwezekano tangu mwanzo, na jedwali la kweli na uongo ni kipande kidogo cha pembeni. Kwa mtazamo huo hata "mvua ikinyesha siji" ni kauli ya uwezekano: mvua ikija, uwezekano wa mimi kuja ni mdogo sana. Haisemi chochote kuhusu siku kavu.

#32 Fundi_Swichi
Mimi fundi umeme, Sakina. Nimefurahi kuona watu wanabishana kuhusu kitu ninachokifunga kila wiki.

Swichi mbili zikifuatana kwenye waya mmoja, taa inawaka zote zikiwa zimewashwa tu: hiyo ni "na". Ukiziweka sambamba, yoyote inatosha: hiyo ni "au". Kijana mmoja wa Marekani, Claude Shannon, mwaka 1937 aliandika tasnifu ya shahada yake ya uzamili pale MIT akionesha kwamba saketi za swichi na rilei zinafuata aljebra ya kweli na uongo ya George Boole, mwalimu Mwingereza aliyeandika habari hizo mwaka 1847 na tena 1854. Kompyuta zimejengwa juu ya wazo hilo.

Sasa ziko swichi za ngazini, zile tunaziita tuwei. Moja chini, moja juu. Zikielekea upande mmoja taa inawaka, zikitofautiana inazima. Hiyo ni "ikiwa, na ikiwa tu". Nionavyo mimi, dereva alifunga swichi moja ya kawaida na jirani akadhani ni tuwei. Alisikia: nitabaki nyumbani ikiwa, na ikiwa tu, mvua itanyesha.

#33 Wakili_wa_Njiro
Fundi, umeeleza vizuri kuliko mimi. Lakini swali langu limebaki palepale: nani alaumiwe kwa kudhani? Mimi bado nasema msemaji, kwa sababu yeye ndiye aliyejua atafanya nini.

#34 Kibo_Asubuhi
Na mimi nasema msikilizaji aliyeita mafundi bila kuuliza "na isiponyesha?"

#35 Kifaransa_Kidogo
Ngoja niongeze la kwangu. Kampuni moja ya utalii hapa mjini ilitangaza: "Mwombaji awe na leseni ya kuongoza watalii na azungumze Kifaransa au Kijerumani." Rafiki yangu ana Kijerumani safi, leseni hana. Akaomba. Wakamrudisha. Yeye anasema alisoma: (leseni na Kifaransa), au Kijerumani. Wao walimaanisha: leseni, na (Kifaransa au Kijerumani). Nani yuko sawa?

#36 Mwl_wa_Advance
Sentensi inabeba zote mbili. Kwenye hesabu tunaweka mabano, na mabano yakihama, jedwali linabadilika. Asiye na leseni mwenye Kijerumani: usomaji wa kwanza unampitisha, wa pili unamkataa. Na tukiwa hapo: "au" ya mantiki inaruhusu vyote viwili. Mwenye lugha zote mbili hakataliwi.

#37 Falsafa_Usiku
Yule Łukasiewicz wa #19 alibuni pia, mwaka 1924, mwandiko unaotanguliza alama ya kiungo kabla ya kauli, usiohitaji mabano kabisa. Tangazo lenu lingeandikwa hivyo pasingekuwa na kesi, ila pasingekuwa na mwombaji pia.

#38 Mama_Kilombero
Rafiki yako akasome leseni. Kazi ya kuongoza wageni bila leseni, hata Kijerumani kisomwe kwa mabano hakitamwokoa.

#39 Falsafa_Usiku
Wakuu, jaribuni hili kabla hamjalala. Mezani kuna kadi nne. Kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Mnaona: A, D, 4, 7. Kanuni: "Ikiwa upande mmoja kuna A, basi upande wa pili kuna 4." Mtageuza kadi zipi, na hizo tu, kujua kama kanuni imevunjwa?

#40 Boda_UsaRiver
A na 4.

#41 Mzee_wa_Hoja
A na 4, wazi kabisa.

#42 Tipa_la_Moramu
A peke yake.

#43 Kijana_EGM
A na 7. A ikiwa na kitu tofauti na 4 nyuma, imevunjika. 7 ikiwa na A nyuma, imevunjika. 4 hata ikiwa na D haivunji kitu, kanuni haikusema D isiwe na 4.

#44 Falsafa_Usiku
Kijana kapata. Jaribio hili ni la Peter Wason, mwanasaikolojia wa London, mwaka 1966. Kwenye majaribio ya aina hii ni kama mtu mmoja kati ya kumi tu anayepata, na waliojaribiwa wengi walikuwa wasomi wa chuo.

Sasa hili. Wewe ni mlinzi wa baa Moshi. Sheria: "Mtu akinywa bia, lazima awe na miaka 18 au zaidi." Kuna wanne: mmoja anakunywa bia, mmoja soda, mmoja unajua ana miaka 25, mmoja unajua ana miaka 16. Utamkagua nani?

#45 Boda_UsaRiver
Wa bia, naangalia umri. Wa miaka 16, naangalia glasi yake. Wengine waendelee.

#46 Mama_Kilombero
Hivyohivyo. Na huyo wa 16 namuuliza mama yake yuko wapi.

#47 Mzee_wa_Hoja
Bia na 16.

#48 Falsafa_Usiku
Umbo ni lilelile. Bia ni A, soda ni D, 25 ni 4, 16 ni 7. Richard Griggs na James Cox walilijaribu Florida mwaka 1982 kwa kanuni ya bia na umri wa pale, na wengi wakapata bila shida. Wataalamu hawajakubaliana kwa nini. Mwanasaikolojia Leda Cosmides, mwaka 1989, alisema akili yetu imeumbika kuwanasa wanaokula faida bila kulipa gharama, kwa hiyo tunamwona mdanganyifu haraka kuliko 7. Wengine wanasema ni mazoea tu, baa tumeziona na kadi hatujaziona.

#49 Tipa_la_Moramu
Mimi naona ni mazoea. Traffiki akinisimamisha anajua aangalie nini, hahitaji jedwali.

#50 Broka_wa_Mawe
Kijana wa mawe ana mazoea na bado anachukua "4". Anatafuta jiwe linalokubaliana na kanuni badala ya lile litakaloivunja. Sidhani ni mazoea. Ni tamaa ya kupata ndiyo.

#51 Falsafa_Usiku
Mwanasaikolojia Jonathan Evans ana jibu la tatu: mtu anachagua tu vile vilivyotajwa kwenye kanuni. Ilisema A na 4, akachagua A na 4. Jaribu kuibadilisha: "Ikiwa upande mmoja kuna A, basi upande wa pili hakuna 4." Sasa jibu sahihi ni A na 4, na watu wengi zaidi wanapata, ingawa ni vilevile vilivyotajwa. @Broka, kama ingekuwa tamaa ya kupata ndiyo, hapa wangechagua A na 7.

#52 Broka_wa_Mawe
Hoja nzuri. Lakini yule kijana wangu hajatajiwa ayolaiti popote, wala hakuna kadi mezani. Yuko peke yake na jiwe na muuzaji anayemharakisha.

#53 Nesi_wa_Zamu
Kwenye kadi nilichagua A na 7 kabla sijasoma #43. Wodini tunafundishwa kumtafuta yule ambaye hana vimelea lakini tumemwandikia dawa, na yule mwenye vimelea ambaye hatukumwandikia. Sikutazama kilichotajwa wala sikumtafuta mdanganyifu. Nadhani kuna anayejifunza hili kazini, na Evans angelazimika kutupima na sisi. Narudi zamu, asubuhi nitasoma mliyoongeza.